Nikienda Kusoma, Nani Atashika Zamu? Barua ya wazi kwa wenye mamlaka ya afya, Lamu na Nairobi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu. Kwa waziri wa afya wa kaunti na bodi ya utumishi wa umma. Kwa waheshimiwa wawakilishi wa wadi. Na kwa wakuu wa Wizara ya Afya walioko Nairobi.

Assalaam aleikum. Na kwa wasiotumia salamu hiyo, hamjambo. Naandika kuhusu kuwasomesha uzamili wauguzi wa kaunti.

Katika zahanati niliyofanyia kazi zamani, kisiwani Pate, kulikuwa na karatasi iliyobandikwa ukutani mwa chumba cha kuzalishia kwa plasta ya kufungia vidonda. Iliandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, herufi kubwakubwa. Ilihusu magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba: gramu 4 mshipani, polepole, gramu 5 kila upande wa makalio, kabla ya kuongeza dozi, kagua pumzi, gonga goti, pima mkojo. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: dawa ya kuzimua, magnesiamu ikizidi, iko droo ya pili.

Aliyeiandika ni muuguzi mwenye uzamili wa ukunga, aliyekuja kwetu siku mbili tu kutufunza. Alikuwa mtu wa bara. Kiswahili chake kilituchekesha, na chetu kilimtoa jasho. Siku ya pili alikataa kupanda boti ya kurudi mpaka kila mmoja wetu, pamoja na mama wa usafi, aweze kuisoma ile karatasi kwa sauti. Tukamwona ana makuu.

Miezi michache baadaye, usiku wa bamvua, maji yamekupwa mpaka boti zimelala ubavu kwenye tope, tuliletewa msichana wa mimba ya kwanza akiwa katika kifafa. Rufaa yetu ilikuwa Amu, yaani mji wa Lamu. Boti ilikuwepo, nahodha alikuwepo, mafuta yalikuwepo. Bahari ndiyo haikuwepo. Tuliyangoja maji kwa zaidi ya saa tatu, na katika saa hizo tuliifuata karatasi mstari kwa mstari, mmoja akisoma, mwingine akifanya, mama wa usafi akishika taa. Msichana alifika hospitali akiwa hai. Mwanawe leo yuko madarasa ya chini, mtundu kama shetani, na kila tukikutana sokoni mamake humsukuma mbele aniamkie.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu nimechoka kuulizwa na wakubwa swali moja: muuguzi anataka uzamili wa nini, anataka kuwa daktari? La. Katika kazi yetu kuna ngazi. Wako wenye cheti, ambao kwa miaka mingi ndio waliowapokea watoto wa visiwa hivi. Wako wenye diploma, waliosajiliwa na Baraza la Wauguzi. Kisha wenye shahada ya kwanza. Juu ya hapo ndipo uliko uzamili, na humo mtu huchagua njia yake: ukunga, watoto, wagonjwa mahututi, afya ya jamii. Aliyepanda mpaka huko hapasui tumbo, hiyo si kazi yake. Kazi yake ni kujua kwa nini kina mama watatu wa kijiji kimoja wamefika wamechelewa ndani ya mwezi mmoja, alitafute jibu kwa utafiti unaosimama, kisha arudi abadilishe utaratibu wa kituo na kuwafunza wenzake hadi hata siku asipokuwepo kazi iende. Isitoshe, chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kipo hapa Lamu. Watoto wetu wanasomea uuguzi bila kuuvuka Mto Tana. Wanahitaji walimu, na mwalimu wa wauguzi hapatikani kwa kuvikwa koti jeupe.

Sasa nije kwenye fedha.

Kijana anayeingia chuo cha tiba leo ana mlango wa kubisha. Kuna Mfuko wa Afya Elimu ulio chini ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kuna basari za wadi na za maeneo bunge. Mfumo mpya wa mwaka 2023 wa kugharimia vyuo vikuu nao ni wa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Ukishaajiriwa, ukapata payslip, unahesabiwa kuwa umejiweza. HELB ina mkopo wa walio kazini, jina lake zuri, Jielimishe. Nauheshimu. Lakini sheria ya ajira inataka mshahara usikatwe zaidi ya thuluthi mbili, na muuguzi wa miaka kumi kazini, mwenye mkopo wa sako, nyumba isiyokwisha na wadogo zake anaowasomesha, tayari anaishi kwenye ile thuluthi iliyobaki. Akatwe wapi tena? Na karo ni mwanzo tu. Kuna nauli ya boti, nauli ya basi, kodi ya chumba katika mji wa watu, kibali cha utafiti kutoka tume ya taifa ya sayansi (NACOSTI), kamati ya maadili, uchapishaji wa tasnifu. Waliosoma wanaijua orodha hiyo. Wasiosoma hudhani ukishalipa karo umemaliza.

Milango ya nje ipo pia, na nawasihi wenzangu wasiiogope. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola upo tangu mwaka 1959, na una tawi la masomo ya uzamili kwa mtandao, ambalo mtu husoma akiwa kwao. Chevening ya Uingereza inadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Muuguzi wa zamu huzifikisha kabla mwaka wake wa pili haujakwisha. Nao wanakufunga urudi kwenu kwa angalau miaka miwili baada ya masomo, sharti ambalo mimi naliona zuri kuliko wengi wanavyoliona.

Mimi mwenyewe niliwahi kupata nafasi. Chuo kilinikubali, wafadhili walinikubali kwa masharti. Kilichobaki ni barua ya mwajiri ya kuthibitisha kwamba nitaachiliwa kwa muda wa masomo na nafasi yangu itanisubiri. Mwajiri wangu wa wakati ule simtaji, wala sehemu siitaji, maana sikuandika kumshitaki mtu. Barua yangu ya kuomba ruhusa ilipita meza tatu. Meza ya kwanza ilisema imekosa nakala. Meza ya pili mwenyewe alikuwa semina. Meza ya tatu iliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: “Sista, ukienda, kituo chako tukifunge?” Saini ilipatikana siku kumi na moja baada ya tarehe ya mwisho. Ninayo bado barua hiyo, imepigwa muhuri vizuri sana.

Kwa muda mrefu nilimkasirikia yule bwana wa meza ya tatu. Siku hizi namuelewa. Swali lake ndilo swali lenyewe, na ndilo lililonifanya niandike. Kwenye zahanati ya wauguzi wawili, mmoja akienda masomoni kwa miaka miwili, aliyebaki atakuwa zamu ya asubuhi, zamu ya usiku, chanjo, kliniki ya wajawazito na boti ya rufaa. Atavumilia miezi minne. Wa tano ataugua, au ataomba uhamisho. Mabibi wa kijijini kwetu wanalijua hilo bila kusoma sera yoyote. Nilipowaambia kwamba huenda nikaenda kusoma, mmoja wao alinishika mkono akaniuliza Kiamu chake: “Ukenda, utakuya lini?” Hakuuliza nasomea nini.

Basi ombi langu la kwanza ndilo hili, na mkisahau mengine yote mlikumbuke: mnapomlipia muuguzi karo, mlipieni na mtu wa kushika zamu yake. Wapo wauguzi wengi waliofuzu na kusajiliwa ambao hawana ajira, wanauza nguo kwenye simu. Mpeni mmoja wao mkataba wa miaka miwili akae pale Mbwajumwali au Ndau wakati mwenyewe yuko darasani. Karo, mshahara wa anayesoma, mshahara wa anayemshikia: vitu vitatu katika fungu moja la bajeti. Kikikosekana cha tatu, viwili vya kwanza havitapata saini, kwa sababu hakuna mkuu mwenye akili atakayekubali kufunga zahanati.

Mtaniambia hili ni jambo geni. Si geni. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF, Baraza la Wauguzi na kampuni ya Accenture walianza mpango wa kuwapandisha wauguzi 22,000 wa cheti hadi diploma kwa masomo ya kompyuta. Uzuri wa mpango ule ni kwamba muuguzi hakung’olewa kituoni. Alisoma huku anafanya kazi. Waliopanga walilijua swali la meza ya tatu kabla halijaulizwa. Uzamili hauwezi wote kusomwa hivyo, kuna mafunzo ya wodini ambayo huwezi kuyapata kwa kompyuta, lakini sehemu kubwa ya nadharia inaweza. Zungumzeni na vyuo vikuu vya Pwani, kile cha Kilifi na kile cha ufundi cha Mombasa, masomo ya uzamili ya wauguzi yapangwe kwa vipindi vifupi vya wiki mbili tatu, mtu aende arudi. Hilo linawahusu hasa wanawake, na wengi wetu ni wanawake. Mwenzangu mmoja mumewe aliridhia, mama mkwe aliridhia, baba mzazi alisoma dua. Mtoto wa miaka mitatu ndiye aliyekataa. Nairobi kwa miaka miwili ilikufa pale pale. Wiki tatu Kilifi zingewezekana.

Na pale ambapo lazima mtu aondoke, basi aondoke kwa mkataba wa kurudi, ulioandikwa kwa lugha anayoielewa na kutekelezwa kweli. Marekani, nchi ambayo wenzetu wengi wanaitamani, serikali ina mpango uitwao Nurse Corps. Muuguzi aliyesajiliwa mwenye deni la masomo hukubali kufanya kazi miaka miwili mahali palipopungukiwa sana na wauguzi, na serikali humlipia asilimia 60 ya deni lake. Akiongeza mwaka wa tatu anaweza kulipiwa asilimia 25 nyingine. Wanao na mfuko wa pili, wa wanaosomea shahada za juu ili wawe walimu wa uuguzi: akienda kufundisha anaweza kufutiwa hadi asilimia 85 ya mkopo. Sisemi tuna fedha zao. Nasema hesabu yao inaeleweka hata kwa mvuvi: nimekukopesha nyavu, nilipe kwa samaki, na samaki wenyewe nataka uvue pale pasipovuliwa na mtu. Kwetu hapo mahali pana majina. Kiunga. Mkokoni. Basuba. Muuguzi aliyesomeshwa na kaunti akitumika huko miaka miwili, deni lake liishe, na asipotaka kurudi, alipe.

Kuna wanaosema muuguzi akisoma atakimbia nje tu. Ni kweli wapo wanaokwenda. Mwaka 2021 serikali yenyewe ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kuwapeleka wauguzi wetu huko kazini. Lakini hao hawakuhitaji uzamili ili waondoke. Muuguzi huondoka anapoona miaka kumi mbele yake inafanana na miaka kumi iliyopita.

Hapa nina neno kwa Wizara, si kwa kaunti. Mwaka 2018 mliwapeleka madaktari 50 Cuba kusomea tiba ya familia. Fedha zilipatikana, ndege zikapatikana, na watu wakaagwa kwa heshima. Siwaonei wivu madaktari; nimewahi kushinda usiku mzima nikimwomba Mungu aniletee mmoja. Ila nawauliza: safari kama ile ya wauguzi itapangwa lini? Miaka miwili baadaye, 2020, Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga. Sisi tulipewa fulana. Yangu naivaa nikifua.

Nimewahi pia kusikia kwamba Lamu ni ndogo, haiwezi kubeba mpango kama huu. Ndogo ni kweli. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 143,920, wachache kuliko kaunti nyingine yoyote Kenya. Lakini udogo huo ndio unaonipa matumaini, maana sihitaji kuwaomba wauguzi hamsini. Wawili kila mwaka wanatosha kuanzia. Kwa miaka mitano hao ni kumi, na miongoni mwao mmoja wa watoto wachanga, mmoja wa wagonjwa mahututi, wawili wa ukunga, mmoja wa afya ya akili ambayo tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 tunaizungumza kwa kunong’ona. Na kama mtu wa kushika zamu ni mzigo mkubwa kwa kaunti moja, ipo Jumuiya ya Kaunti za Pwani, kaunti sita. Kwa nini sita hizo zisiwe na kundi moja la wauguzi wa zamu, leo wako Lamu, mwakani Kwale? Mnakutana kila mara kuzungumzia uchumi wa bahari. Siku moja zungumzieni na hili, chai ikiwa bado moto.

Tunajua kusomesha watu, tukitaka. Bandari ilipokuja, LAPSSET, ule mradi wa bandari na barabara za kuunganisha nchi jirani, ilikuja na ufadhili wa vijana wa Lamu wa kusomea kazi za bandarini, na gati la kwanza likazinduliwa mwaka 2021. Hakuna aliyesema tujenge gati kisha winchi zijiendeshe zenyewe. Afya tumeijenga kinyume chake. Hata ule Mfuko wa Usawazishaji wa kifungu cha 204 cha katiba, ambao Lamu ilitajwa miongoni mwa kaunti 14 za kwanza kufaidika nao, kazi yake ni maji, barabara, umeme na vituo vya afya. Vituo, yaani kuta. Nami nafurahia kuta, nimefanya kazi mahali ambapo paa lilivuja juu ya kitanda cha kuzalia. Lakini ile karatasi ya magnesiamu haikuandikwa na ukuta.

Na msiniambie mzozo wa basari kati ya kaunti na Msimamizi wa Bajeti, ule wa mwanzoni mwa 2025, unawafunga mikono. Ule ulihusu karo za wanafunzi, ambao elimu yao ni jukumu la serikali kuu. Muuguzi wa kaunti ni mfanyakazi wenu. Kumsomesha ni sawa na kuipeleka injini ya boti yenu kwa fundi.

Jambo moja dogo, ambalo halihitaji bajeti. Mtu akileta ombi la ruhusa ya masomo, apewe jibu ndani ya siku kumi na nne, ndiyo au hapana, kwa maandishi. Wafadhili wa nje hawajui mambo ya meza tatu. Wanajua tarehe. Na akirudi na shahada yake, asikute amewekwa stoo kugawa glavu kwa sababu hakuna aliyefikiria atafanya nini. Kabla hajaondoka, andikeni kwenye mkataba atakaporudi atakaa wapi na atasimamia nini.

Tarehe zenu nazijua. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Kwa hiyo siandiki barua hii kwa kupitisha wakati wa kaskazi. Naandika ili mstari mmoja uingie: wauguzi wawili, uzamili, pamoja na wa kushika zamu zao. Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, mstari huo usipokuwepo siku mnapoletewa makaratasi, aulize mmoja wenu uko wapi. Tutakuwa tumekaa juu kule, kwenye viti vya wananchi, na wengine tutakuwa tumetoka zamu ya usiku, kwa hiyo tukisinzia mtusamehe.

Mimi umri umeshasogea, sijui kama nitarudi darasani. Lakini yuko binti mmoja hapa, muuguzi wa shahada, mikono myepesi, anayewasikiliza wagonjwa kuliko anavyozungumza. Anataka ukunga. Amenakili ile karatasi kwenye daftari lake, maana ya ukutani imefifia, wino mwekundu hausomeki tena. Nafasi za wafadhili zitakapotangazwa, barua yake ya kuomba ruhusa itakuwa mezani kwenu. Ni ukurasa mmoja. Anahitaji saini, muhuri, na jina la atakayemshikia zamu.

Wenu katika kazi,
Muuguzi aliyesajiliwa, Lamu Mashariki